Mwachapombe wa Taifa na Naibu Wake

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi iliyoitwa Jamhuri ya Tulizana. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Wananchi wake wenyewe walikuwa wakiipoteza kila jioni na kuikuta asubuhi mtaroni, imelala ubavuni mwao.

Nchi hiyo haikuwa na mlevi hata mmoja. Zamani walikuwapo, lakini Bunge lilikaa, likapitisha sheria, na tangu siku hiyo mtu aliyekutwa amelala barabarani na kiatu kimoja aliitwa "mwananchi aliyepumzika". Aliyegombana na nguzo ya umeme aliitwa "mwananchi mwenye hoja". Kulikuwa pia na pombe ya mtaani iliyoitwa Miwani, kwa sababu ukiinywa mara ya kwanza unaona vizuri kupita kawaida, na ukiinywa mara ya mwisho huoni kabisa. Waliofikia hiyo ya mwisho, hospitali ziliandika kwamba wamepumzisha macho.

Palikuwa na Wizara ya Utimamu. Ili kubana matumizi, Serikali iliiunganisha na Idara ya Viwanda vya Pombe, zote zikawekwa chini ya Mheshimiwa Kilindo Masengwa, mtu mnene mwenye sauti ya mshereheshaji wa harusi. Asubuhi Mheshimiwa alipiga vita pombe. Mchana alitoa leseni za kuitengeneza. Jioni alikagua ubora wake, yeye mwenyewe, bila kumsumbua msaidizi.

Mambo yalikwenda salama mpaka wafadhili walipokuja kutoka ng'ambo. Walikuwa wametoa misaada kwa miaka mingi ili watu waokolewe na pombe, na sasa walitaka jambo moja dogo: waoneshwe mmoja aliyeokolewa.

"Mmoja tu?" Mheshimiwa aliuliza kikaoni.

"Mmoja tu, Mheshimiwa," akajibu katibu wake.

"Mbona hilo jepesi. Chukueni mtu humu humu wizarani."

Watu wakainamia viatu vyao. Ilikuwa bado asubuhi, na baadhi yao walikuwa wanaona viatu vinne.

Ndiyo maana ikabidi atafutwe mtu wa nje, na ndivyo walivyomfikia Nehemia Ngulwa.

*

Nehemia alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi. Alipiga vizuri na alikunywa vizuri, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kipi kinamsaidia mwenzake. Alianza na kiroba kimoja cha pombe kali kabla ya gwaride, cha kuondoa woga. Baadaye viwili, vya kuondoa kile kimoja. Bendi ilimwachisha kazi siku alipotumbukia ndani ya ngoma kubwa mbele ya balozi na kupitiwa na usingizi humo humo.

Mkewe, Sikudhani, alilivumilia hilo. Alivumilia redio kuuzwa, na godoro, na mlango wa jikoni. Alichoshindwa kuvumilia ni maziko ya mama mkwe wake.

Siku hiyo Nehemia alifika makaburini na tarumbeta la kuazima, akaomba amuage mama yake kwa njia anayoijua. Jeneza liliposhushwa, akapuliza. Alikusudia wimbo wa kuaga. Uliotoka ni wimbo wa kumtoa bibi harusi. Aliupiga vizuri mno, hata mashangazi wawili wakacheza kidogo kabla ya kukumbuka walipo. Alipofumbua macho, watu wote walikuwa wanamtazama kwa hasira isipokuwa mkewe. Yeye alimtazama kama abiria anavyotazama basi lililokwisha kuondoka.

Kesho yake Sikudhani alifunga mabegi, akachukua watoto, akaenda kwa kaka yake. Hakugombana.

"Baba Subira," alisema mlangoni, "sitaki kuwa mjane wa mtu aliye hai."

Nehemia akaacha. Kuacha kwenyewe hakukuwa na shangwe. Alitetemeka, alitapika, aliona siafu ukutani na kuwapigia kelele wakati ukuta ulikuwa mtupu. Aliyekaa naye ni Chegeni, fundi baiskeli, rafiki yake wa kilabuni, ambaye Miwani ilikuwa imemchukua macho yote mawili na kumwachia ulimi. Jioni jioni wanaume wachache waliotaka kuacha walikutana barazani kwa Chegeni, wakanywa chai ya tangawizi na kuambiana ukweli, mara nyingi kwa matusi. Hawakuwa na katiba wala mwenyekiti, na pengine ndiyo sababu walifanikiwa. Mvua zikaja, zikaisha. Sikudhani akarudi kwanza na begi moja, la kupima upepo. Baadaye akaleta na mengine.

*

Msafara wa Mheshimiwa Masengwa ulifika na magari meusi yaliyojaza uchochoro mzima. Harufu ya Mheshimiwa ilimfikia Nehemia kabla ya Mheshimiwa mwenyewe.

"Ndugu Ngulwa," Waziri alisema, akiwa amemshika bega ili wote wawili wasimame wima, "Taifa limekutafuta. Taifa limekupata. Kuanzia leo wewe si mali yako tena. Wewe ni Mwachapombe wa Taifa."

Nehemia alitaka kukataa. Akamtazama mkewe, na mkewe akauliza swali ambalo hakuna ofisa aliyekuwa amelitarajia.

"Akikubali, watu wengine wanaoumwa kama alivyoumwa yeye watapata nini?"

Mheshimiwa akafikiri. "Wodi," akasema. "Tutajenga wodi. Kubwa. Yenye vitanda."

Kwa ajili ya wodi hiyo Nehemia akakubali. Akapewa nyumba mlimani, dereva, na sare nyeupe yenye vifungo vya dhahabu. Sikudhani alimnyooshea sare ile huku akisema kwamba anaitazama kwa jicho moja, na kwa jingine anaitazamia wodi.

Sherehe ya kumwapisha ilifanyika Ikulu. Rais akasifu utimamu wake kwa hotuba ndefu, kisha akainua glasi. "Tumtakie afya njema Mwachapombe wetu."

Ukumbi mzima ukainua glasi. Mbele ya Nehemia palikuwa na glasi ya mvinyo, imejaa mpaka ukingoni. Pua yake iliukumbuka ule mvinyo kama mtu wa nyumbani, ingawa hawakuwahi kuonana.

"Samahani, Mheshimiwa Rais," alisema. "Siwezi."

Muziki ukasimama. Mkuu wa itifaki akaeleza kwa kunong'ona kwamba asiyeitikia glasi ya Rais amemtukana Rais, na hilo ni kosa la uhaini. Mtu mwingine akanong'ona kwamba akiitikia, basi si mwachapombe tena, na wafadhili wameketi pale pale. Ikabidi Mwanasheria Mkuu aamshwe. Alifikiri kwa dakika kadhaa macho yakiwa yamefumbwa, akatoa ufafanuzi.

"Kinywa kinaweza kukaimishwa," alisema, akarudi kulala.

Nyuma ya kiti cha Nehemia alikuwa amesimama kijana aliyembebea mkoba, Filemoni Lukuba, ofisa wa itifaki wa daraja la chini. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho.

"Wewe," Waziri akamwita. "Unakunywa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi ni mwanakwaya. Naimba sauti ya tatu."

"Vizuri sana. Dhamana kubwa hupewa mtu safi. Kunywa."

Filemoni akamtazama Nehemia. Nehemia angeweza kusema neno. Baadaye alilitafuta neno lile mara nyingi na kila mara akalipata, lakini usiku ule lilichelewa. Kijana akanywa, akakohoa, machozi yakamtoka, ukumbi ukapiga makofi. Kabla ya chakula kuletwa alikuwa amekwisha kuapishwa kuwa Naibu Mnywaji wa Mwachapombe wa Taifa.

*

Wakazunguka nchi nzima kuhubiri utimamu. Kila wilaya iliwapokea kwa heshima zote, na kila heshima ilikuwa na kizibo. Wilaya za migomba zilileta mbege, za minazi zilileta tembo, za mjini zilileta chupa zenye majina ya kizungu. Nehemia alisimama jukwaani akasema jinsi pombe ilivyompotezea kazi, mlango na mazishi ya mama yake, watu wakalia, kisha mkuu wa wilaya akainua glasi kumpongeza. Nehemia akasimama mikono nyuma. Filemoni akanywa.

Mwanzoni kijana alikuwa akienda kutapika nyuma ya gari, akirudi anaomba radhi kwa utaratibu.

"Mwaga, mwanangu," Nehemia alimwambia. "Geuka kidogo, mwaga kwenye majani."

"Haiwezekani, Mzee. Kuna mkaguzi wa glasi."

Na kweli alikuwapo, mtu mfupi wa Wizara ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia glasi ikigeuzwa juu chini.

Baada ya miezi kadhaa Filemoni aliacha kutapika. Baadaye akaacha kukohoa. Siku moja njiani, ilhali hakukuwa na sherehe yoyote mpaka wiki ijayo, Nehemia akamwona anatoa kiroba kwenye soksi.

"Hiyo ya nini?"

"Najiandaa, Mzee. Kidogo tu. Ya kuondoa woga."

Maneno yale Nehemia aliyajua; aliwahi kuishi ndani yake.

Kwaya ikamtoa Filemoni. Walivumilia alipoanza kuchelewa, wakavumilia alipolala katikati ya aleluya, lakini Jumapili moja aliimba sauti zote nne peke yake, na mchungaji akasema kwamba hapo amezidi. Mama yake alikuja mpaka nyumba ya mlimani, akaketi ukingoni mwa kochi na kumwuliza Sikudhani kwa upole, "Mama, huko kazini wanampa nini mwanangu?" Sikudhani akamwandalia chakula, naye hakula.

Nehemia akaenda kwa Waziri.

"Mheshimiwa, kijana anaumwa."

"Anapumzika."

"Macho yake yamekuwa ya manjano."

"Ndugu Ngulwa, kijana yule amepandishwa cheo mara mbili. Isije ikawa una wivu."

"Basi naomba kujiuzulu."

Mheshimiwa Masengwa akaweka glasi chini, jambo alilolifanya kwa nadra. Akamweleza polepole, kama baba, kwamba cheo cha mwachapombe hakina kujiuzulu. Mtu huacha kuwa mwachapombe kwa njia moja tu, ambayo ni kulewa. Na wodi je? Wodi ilikuwa mbioni. Ramani yake ilikuwa imekamilika, isipokuwa waliamua kuanza na baa ya wafanyakazi.

*

Jumamosi moja Nehemia alimpeleka Filemoni barazani kwa Chegeni. Hakumwambia kwa nini. Chai ya tangawizi ikamiminwa, Filemoni akakishika kikombe chake pamoja na kisahani.

Chegeni akageuza kichwa. "Nani huyo anayepiga kengele?"

"Ni kikombe tu, baba," Filemoni akasema.

"Kijana, umekunywa leo?"

"Kazini tu, mzee wangu. Sinywi mimi mwenyewe. Mimi ni naibu."

Wanaume waliokuwa pale wakaanza kucheka, kisha wakaacha mmoja mmoja. Filemoni alipokwenda uani, Chegeni akamshika Nehemia mkono.

"Nehemia, huyu anakunywa pombe zako. Zile ulizoziacha, yeye anazimaliza."

Chai ya Nehemia ikapoa mkononi.

*

Siku ya Utimamu wa Taifa uwanja ulijaa. Wafadhili walikaa jukwaani chini ya turubai, karibu na Rais. Ratiba ilisema wakuu wa mikoa yote wangempongeza Mwachapombe, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na glasi yake. Meza ya glasi ilikuwa ndefu kama ya karamu ya ukoo mzima. Pembeni yake alisimama Filemoni, shati limefungwa vifungo visivyolingana, midomo imepauka, akiitazama meza kwa hofu na kwa hamu, na Nehemia hakuweza kujua kipi kinazidi.

Alipoitwa kwenye kipaza sauti, Nehemia alianza kupepesuka.

Lilikuwa jambo gumu kuliko alivyodhani. Alikuwa amelewa miaka mingi, lakini hajawahi kufanya hivyo akiwa na akili zake, na ni vigumu kuanguka kama unajua ardhi iko wapi. Akampigia saluti mwuza karanga. Akamwita Rais shemeji. Akamwomba kiongozi wa wafadhili amrudishie godoro lake. Kisha akaanguka kifudifudi mbele ya zulia jekundu na kulala.

Jukwaa kuu lilikuwa na wataalamu, nao wakaanza kumchambua.

"Huyu kapiga gongo," alisema mkuu wa mkoa mmoja.

"Hapana, tazama magoti. Hayo ni magoti ya mataputapu."

"Mnasahau ulimi," Mwanasheria Mkuu akasema, akiwa amefumbua jicho moja. "Ulimi ule ni wa mvinyo."

Mheshimiwa Masengwa akakamata kipaza sauti. Alimvua Nehemia cheo, nyumba na dereva kwa sentensi moja. Akakifuta papo hapo cheo cha Naibu Mnywaji, kwa kuwa hakuna tena wa kunywewa. Halafu akawageukia wafadhili huku machozi yakimtiririka.

"Ndugu zetu, mmejionea wenyewe ukubwa wa tatizo."

Wafadhili wakashauriana kwa vichwa vilivyokaribiana. Walikubali kwamba wamejionea. Msaada ukaongezwa maradufu, glasi zikainuliwa, na kwa kuwa hapakuwa na naibu, kila mtu alijinywea mwenyewe.

*

Askari walimbeba Nehemia mpaka nje ya geti wakamweka chini. Muda si mrefu wakamleta na Filemoni, na mkoba wake.

Kijana akasogea, akainama, akamnusa.

"Mzee, hujanywa."

"Sijanywa."

"Kwa hiyo umefanya makusudi. Nilikuwa na cheo. Mama yangu nilikuwa namjengea nyumba. Umeniharibia kazi, Mzee, kwa makusudi."

"Ndiyo."

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Mimi ndiye niliyenyamaza siku ya kwanza."

Filemoni akamtukana matusi ambayo mwanakwaya hayajui, akageuka kuelekea vibanda vya pombe ng'ambo ya barabara. Hakufika mbali. Miguu ikamkatika, akaanguka, mwili ukaanza kurushwa na degedege. Nehemia akamgeuza ubavu, akaita bajaji, akamkumbatia kiti cha nyuma mpaka hospitali.

Hospitalini muuguzi alisikitika kusema kwamba nchi haina walevi, hivyo hakuna mahali pa kuwalaza. Akatazama huku na huku, akaandika malaria, akamwekea kijana dripu na dawa ya kutuliza degedege.

"Mmefanya vizuri kumleta," alisema kwa sauti ya chini. "Mwili uliozoea hivi, ukiukatia pombe ghafla nyumbani bila dawa, unaweza kufa. Nimewaona wengi. Wote waliandikwa malaria."

Jioni Sikudhani akafika. Nehemia alimwona tangu mlangoni na akasimama, na hakujua aweke wapi mikono yake. Uwanja ule ulioneshwa kwenye televisheni nchi nzima.

"Mama Subira, naomba unisikilize kwanza."

"Umeigiza vibaya," mkewe akasema.

"Umejuaje?"

"Ulipoanguka ulishika kofia isichafuke." Akaweka chini kikapu cha chakula. "Miaka yote ile ya ulevi, hujawahi kushika kitu chochote, hata sisi."

Nehemia akakaa. Akacheka, kisha akagundua kwamba hacheki, na Sikudhani akamwacha amalize bila kumgusa, halafu akamgusa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Filemoni aliona wakaguzi wa glasi juu ya chandarua, akawaomba radhi mmoja mmoja. Mama yake alikuja asubuhi, Nehemia alikaa mchana. Redio ya wodi ilitangaza kwamba Mwachapombe mpya wa Taifa amepatikana, naye ni Mheshimiwa Masengwa mwenyewe, aliyeacha pombe saa tatu na kuapishwa saa nne. Muuguzi akaizima.

Alasiri moja Filemoni alifumbua macho yakiwa yametulia. Akamtazama Nehemia, na Sikudhani aliyeketi kando yake.

"Mzee, mimi sikuwa mlevi. Nilikuwa kazini."

"Najua, mwanangu."

"Kazi imekwisha."

"Imekwisha."

"Sasa mbona kiu haijaisha?"

Nehemia alitafuta jibu la kumfariji, na alikuwa na mengi, hotuba nzima za kuzunguka nchi. Hakutumia hata moja. Akamwambia haitaisha leo. Kisha akasogeza beseni, akamshika kichwa, na Sikudhani akatoka kwenda kutafuta maji ya moto.